Kiti Nilichokitoboa Mwenyewe

Watu wakiniona natembea na magongo yangu hapa Mangobo wananiambia: pole papa, vita ilikukata mguu. Mimi nawajibu kwamba si mguu nilioulilia. Mguu ulikwenda mara moja, nikiwa sijui hata jina langu. Kitu nilichonyang'anywa na vita, nikakililia miezi na miezi, ni choo. Asiyetaka kusoma habari za choo aache hapa hapa, arudie sala zake.

Mimi si mtu wa shule. Nilifika darasa la pili nikakimbia fimbo. Nilianza kwa kusukuma pusu-pusu, mkokoteni ule wa magurudumu mawili, kutoka bandarini mpaka sokoni Makiso, na ndani yake magunia ya watu wengine. Halafu nikaanza kushuka mto mwenyewe mpaka Barumbu, kununua samaki wa moshi kwa wavuvi na kurudi nao kwa vikapu. Baba yangu hakuniachia hata jembe. Nyumba yangu ya sementi na mabati ilijengwa na samaki, na ukiingia ulikuwa unasikia harufu yao mpaka kwenye mapazia. Sikuona haya. Wenye haya walikuwa wanalala chini ya majani.

Sebuleni kulikuwa na kiti. Nilikiagiza kwa fundi, mbao nyekundu ya lifaki, mikono mipana, mgongo mrefu, kizito hata wanaume wawili walikiinua kwa kuguna. Hicho kilikuwa kiti cha papa. Hakuna mwingine aliyekikalia: si mke wangu, aliyekufa kabla ya vita, si mwanangu wa pekee, si padri alipokuja kubariki nyumba. Padri nilimpa kingine, kizuri pia, na akaelewa.

Bon. Majeshi mawili ya nchi za watu, yaliyoingia kwetu pamoja yakijiita marafiki, yaligombana hapa hapa mjini kwetu. Sisi hatukuulizwa kitu. Mabomu yalipita juu ya mabati, yakitoka upande huu na kujibiwa upande ule, na sisi katikati tukilala chini ya vitanda kama panya. Bomu moja liliangukia lupango ya jirani, kiwanja cha nyumba yake. Nilikuwa nimeinama juu ya pipa nachota maji. Kipande cha chuma kikavuka ua wa miti, kikanipata. Hospitalini walinikata mguu wa kushoto juu ya goti, kwa mwanga wa tochi. Walifanya walivyoweza. Sina neno nao.

Niliporudishwa nyumbani nilimkuta mtu mmoja tu: mke wa mwanangu. Mwanangu mwenyewe alikuwa Bafwasende, akichimba dhahabu. Alikwenda kabla barabara haijafungwa. Mwanzo alituma salamu kwa madereva wa malori, halafu salamu zikakatika.

Kwa yule anayesoma akiwa mbali, nieleze. Kwetu mke wa mwanao ni bokilo wako. Bokilo hupeani naye mkono. Hamli sahani moja. Hakutazami usoni, na wewe hukanyagi pale anapooga wala anapolala. Uchi wa bokilo ukionekana, ni laana kwa nyumba nzima. Binti yule alikuwa amelelewa vizuri. Tangu aingie kwangu hakuwahi kuniambia neno moja moja kwa moja. Alikuwa anaongea na kuku.

“We kuku,” alikuwa anasema akiwa mlangoni, amegeukia uani, “ambia papa chakula iko mezani.”

Nami najibu, nimeonja majani ya muhogo: “Kuku, mwambie asante. Lakini pondu ya leo iko na chumvi mingi.”

“Kuku, ambia papa chumvi iliisha tangu juzi. Ile anasikia ni ulimi yake.”

Hivyo ndivyo tulivyoishi, kwa heshima, na tulicheka pia, kila mtu na upande wake.

Sasa nitazame mimi, papa wa mabati, nimelala kwenye mkeka na mguu mmoja. Choo chetu kilikuwa kama vyoo vyote vya mtaa: shimo nyuma ya nyumba, vibao viwili vya kukanyaga, ukuta wa majani ya mchikichi. Unachuchumaa. Jaribu kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kidonda bado kinatoa maji, halafu uje uniambie. Jirani, mwanaume mzima, alikuja siku za kwanza kunibeba. Lakini yeye akija asubuhi, tumbo langu linaamka jioni. Kisha askari wakaanza kukamata wanaume kuwabebesha mizigo, jirani akakimbilia porini na wengine wote. Tulijaribu ndoo. Ndoo ilianguka na mimi juu yake. Sitaki kusema zaidi kuhusu ndoo.

Asubuhi moja tumbo lilinikamata vibaya. Nilikuwa nimeng'ang'ania ukuta, jasho linanitoka. Nikamsikia amekuja mlangoni.

“We kuku…” akaanza.

Hakukuwa na kuku. Askari walikwisha kuwala wote, na majogoo. Alisimama pale na uwanja mtupu mbele yake. Halafu aliingia chumbani kwangu, mahali ambapo hakuwahi kuingia, akainama mbele yangu na kunipa mgongo.

“Papa,” alisema. “Shika shingo.”

Nilikuwa mtu mzito. Nilikula samaki maisha yangu yote. Alinifunga kwa kitambaa chake kama wanavyofunga mtoto, akanibeba uani. Ndani ya choo alinishika chini ya makwapa kutoka nyuma, uso ameugeuzia majani. Mimi nilifumba macho, kana kwamba kufumba kwangu kungemfanya yeye asione. Halafu maji. Yaliyobaki siandiki, hata mimi.

Ilikuwa hivyo kila siku. Mtaa mzima ulijua. Wanawake waliokuja kuomba moto waliona mgongo wake ukipinda, waliona vitambaa alivyofua, na hakuna aliyesema kitu. Ndivyo tulivyo: jambo lisilosemwa kwa mdomo halijatendeka. Na yeye alianza kuongea nami kama mtu na mtu, bila kuku, bila ukuta. “Papa, leo mvua, ngoja nitandike majani.” “Papa, usinikabe koo, nitakuangusha nikuache kule.” Aliniambia habari za mama yake, aliyekuwa Lubunga, ng'ambo ya mto, anatengeneza kwanga, mikate ya muhogo. Nilimwambia ya Barumbu, jinsi tulivyolala juu ya vikapu vya samaki tukiwinda fisi-maji wasituibie. Sikuwahi kumwambia hata mwanangu.

Lakini usidhani nilizoea. Kila alipoinama nilikufa kidogo. Nilijisemea: ukitaka kutoka hapo, papa, anza na choo, mengine yatafuata.

Nilichonga magongo kutoka matawi yenye panda. Hapo juu, pa kwapa, nilizungusha mpira wa tairi la baiskeli. Udongo wa hapa, mvua ikinyesha, ni sabuni. Gongo linazama au linateleza, na wewe pamoja nalo. Nilianguka mbele ya watu, nilianguka nyuma ya nyumba, nilianguka ndani ya moto wa makaa. Kisha nikakiona kiatu changu cha kushoto, kipya, kimelala chini ya kitanda hakina kazi. Nikakikata soli vipande viwili, nikavipigilia misumari chini ya magongo. Tangu siku ile kiatu cha kushoto kinatembea zaidi ya cha kulia.

Hivyo nilifika mpaka choo peke yangu. Nilifika, lakini kuchuchumaa bado. Nilisimika mti wa kushikilia. Mti ukang'oka, mguu wangu mzima ukaingia shimoni mpaka gotini. Ilibidi nimwite. Alikuja akanivuta huku anacheka na kulia.

“Papa, ule mwengine nao unataka kuupoteza?”

Siku hiyo, baada ya kuoshwa, nilikaa sebuleni nikakitazama kiti. Nilikitazama mpaka jua likahama dirishani. Halafu niliomba patasi na kisu cha samaki. Nilikilaza kiti chini, nikakaa sakafuni kando yake, nikaanza kutoboa. Lifaki ni mti mgumu. Alikuja na mwiko mkononi.

“Papa! Kiti yako!”

“Iko yangu, donc natoboa.”

Alielewa. Aliweka mwiko chini, akakaa kukishika kiti kisicheze. Tulipomaliza alivuta kwa mbele na mimi nikasukuma kwa nyuma, nimekaa chini, najikokota na makalio. Watu walipita njiani wakasimama. Tuling'oa vibao, tukakiweka kiti cha papa juu ya shimo.

Kesho yake niliamka, nikashika magongo, nikaenda. Nikafunga mlango wa majani. Nikakaa, mikono juu ya mikono ya kiti, kama chifu. Uani alikuwa anatwanga pondu. Mchi ukasimama. Nilijua anasikiliza kama nimeanguka. Nilikohoa, kumwambia nipo. Mchi ukaendelea.

Nilikaa pale kuliko tumbo lilivyohitaji.

Kuanzia siku hiyo hakuingia tena chumbani kwangu. Aliweka chakula mezani na kutoka kabla sijafika. Heshima ilirudi nyumbani kama nilivyoitaka. Tatizo ni kwamba kuku walikuwa bado hawajapatikana, kwa hiyo hakukuwa na wa kupitishia maneno. Nyumba ikawa kimya.

Barabara ilipofunguka kidogo, mwanangu alirudi. Amenenepa, ana redio begani. Alimsalimu mkewe kwa kidevu. Aliingia sebuleni, akageuka huku na huku.

“Papa, kiti iko wapi?”

“Iko kazini.”

“Kazi gani?”

“Nenda uone.”

Alikwenda. Nilisikia sauti yake kutoka nyuma ya nyumba: “Ah non! Non, papa! Kiti ya familia! Batu watasema nini?”

“Batu hawakunibeba. Wacha waseme.”

“Unakosa aibu! Kile kiti hata mimi sikukikaliaka!”

“Sasa kikalie. Tundu iko tayari.”

Hapo ndipo nilipomwambia. Watu wa mtaa wananilaumu mpaka leo, wanasema ningenyamaza kama wao walivyonyamaza. Mimi sikunyamaza, na angesimama mbele yangu leo singenyamaza. Nilitaka ajue ana mke wa namna gani. Nilisema: “Mbele ya kulilia kiti, sema asante kwa bibi yako. Kabla ya kiti, yeye njo alikuwa kiti yangu.”

“Unasema nini?”

“Alikuwa ananibeba.”

“Kwa mugongo?”

“Kwa mugongo.”

“Na ku… ndani?”

“Na ndani. Ulitaka nani? Wewe ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa natafuta maisha!”

“Maisha ilikuwa hapa. Ilikuwa inajinyea ndani ya ndoo.”

Mkewe alikuwa kizingitini, amesikia yote. Aliliinua beseni lake, akalirudisha chini, akaliinua tena. Jambo ambalo halikuwa limetendeka, sasa lilikuwa limetendeka.

Mwanangu alilala sebuleni juu ya mkeka. Asubuhi alisema hawezi kulala na mwanamke aliyeona uchi wa baba yake. Alisema mchimbaji mwenye laana akishuka shimoni, shimo linamwangukia, na wenzake hawatakubali kushuka naye. Alisema kwa sauti kubwa ili jirani wasikie. Binti aliondoka kwenda kwa mama yake, beseni kichwani, kitambaa kile kile kiunoni, hakuniaga kwa sababu hakukuwa na njia ya kuniaga.

“Na wewe fuata,” nilimwambia mwanangu.

“Mimi? Halafu utabaki na nani, papa?”

“Na kiti.”

Alikwenda. Baadaye madereva walinieleza kwamba kule Bafwasende alikorudi tayari alikuwa na mwanamke mwingine, tena mwenye mimba. Kwa hiyo laana ilimjia vizuri, ilimwokotea sababu njiani. Sijamwita tena kwa jina.

Nilijifunza mengine yote peke yangu. Maji nilibeba kwa bidoni, dumu la plastiki, kamba kifuani. Moto niliuwasha nikiwa nimekaa chini. Mama mmoja wa kanisa aliniletea mchele akiugeuza uso wake upande. Nilimrudishia pamoja na sahani, nimeiosha. Niliweka meza ndogo ya samaki mbele ya lupango. Wakaja kununua, wengine kwa samaki, wengine kumtazama yule mzee wa kiti cha choo. Niliwauzia wote.

Lakini kutoka Lubunga habari zilivuka. Kwamba yule binti hakuna anayenunua kwanga yake, wanasema mikono yake imegusa uchi wa bokilo. Kwamba mwanaume mmoja alikuja kumtaka, akaambiwa, akageuka. Ningeweza kuvumilia mengi, lakini si hilo. Mikono ile!

Dawa yake ipo na kila mtu wa kwetu anaijua. Mzee aliyeonekana uchi anapeleka kuku hai kwa wazazi wa binti. Anampeleka mwenyewe, kwa mkono wake. Akimtuma mtu, kuku yule ni mboga tu. Na akibebwa kama furushi mpaka mlangoni, basi amewaonyesha tu kwamba bado ni yule yule wa kubebwa. Ndiyo maana nilingoja mpaka magongo yakanitii. Halafu nikanunua kuku jike, mweupe, nikamfunga miguu na kumning'iniza kwenye gongo la kulia.

Barabarani nilisimamisha toleka, baiskeli ya abiria. Mwenye baiskeli, mwenye mvi kama mimi, alinitazama juu chini.

“Papa, mutu nusu analipa nusu.”

“Nitalipa yote, na nitakalia yote. Shika baiskeli isianguke, usinishike mimi.”

“Aa, mukali! Kuku nayo inalipa?”

“Kuku iko mugeni wa heshima. Enda.”

Alicheka mpaka bandarini. Kule wapiga makasia walikimbilia kunibeba kama gunia, ni desturi yao kwa wazee. Niliinua gongo. Wakarudi nyuma. Niliketi ukingoni mwa mtumbwi, nikauingiza mguu, nikajivuta. Watu walikuwa wameshapanda, wakaanza kulalamika. Niliwaacha walalamike. Upande wa pili ni mteremko wa udongo mweusi, na mvua ya jana ilikuwa imeulainisha. Niliupanda kwa makalio, kinyumenyume, magongo mapajani, kuku anapiga kelele. Watoto waliimba. Juu nilisimama, nikajifuta, nikatembea mpaka kwa mama yake.

Mama yake alikuwa anafunga kwanga kwenye majani. Mzee mwanamke, mjane, macho makali. Hakuinuka.

“Nani alikuleta?”

“Hakuna.”

“Kwa mutumbu, nani alikubeba?”

“Mama, hakuna mutu amenibeba. Uliza pwani yote.”

Alinitazama matope kuanzia kiunoni mpaka kisigino. Halafu aliinuka, akaweka mikono kinywani na kuwaita majirani kwa sauti ambayo ilifika mtoni: “Mukuje! Mukuje muone! Papa bokilo amefika! Amevuka na mikono yake mwenyewe! Hakuna mutu amemubeba, hakuna!”

Walikuja. Nilimkabidhi kuku mbele yao. Mama alimzungusha kuku juu ya mikono ya binti yake, akampa amshike, na kazi ikawa imekwisha. Mwanamke mmoja wa jirani, pale pale, aliokota kwanga mbili na kuzilipia. Nilimwona.

Binti alikuwa amesimama mbali, uso ameuelekeza ukutani, kama inavyotakiwa. Walinipa kiti, wakakiweka mbali naye, kama inavyotakiwa. Alikuwa amekonda. Mgongo ule ulikuwa bado umepinda kidogo upande.

“Mwambie nyumba iko,” nilimwambia mama yake.

“Arudi kwa nani, papa? Bwana hayuko. Arudi kwa bokilo? Halafu uniletee kuku ingine?”

Nilikuwa najua jibu kabla sijauliza. Niliaga.

Wakanisindikiza mpaka mteremkoni, yeye nyuma ya wote, kuku kwapani. Nilikuwa na haraka ya kuondoka, nikashuka nimesimama badala ya kukaa. Gongo la kushoto liliteleza. Nilianguka kwa ubavu, kwa uzito wangu wote, uso matopeni. Nilisikia miguu inakimbia. Nilijua ni nani kabla sijainua kichwa, kwa maana niliijua ile miguu kuliko yangu. Alikuwa ameinama juu yangu, mkono mmoja tayari umenyooka. Watu wote wanatazama.

“Hapana,” nilisema.

Aliuvuta mkono. Akauweka nyuma ya mgongo wake.

Nilichukua muda. Nilitafuta gongo moja, nikatafuta lingine, nikapiga goti langu la pekee, nikasukuma, nikarudi chini, nikasukuma tena. Hakuna aliyenisaidia. Ndicho nilichokuwa nimekitaka tangu siku ya kwanza ya mkeka, na sasa walinipa chote. Niliposimama, wapiga makasia walikuwa wanapiga mluzi kuniita.

Nyuma yangu nikasikia sauti yake, ameigeuzia kwapa lake:

“We kuku. Ambia papa, pale karibu na mayi iko utelezi zaidi.”

Sikugeuka. Ningegeuka ningeharibu kuku wa watu.

“Kuku,” nilisema, “mwambie nimeona.”